Ngitili ya mzee imegeuka mkaa kabla ya arobaini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni bwana miti mstaafu, mkazi wa Kishapu mkoani Shinyanga. Kazi niliianza mwaka 1987, nikastaafu mwaka 2021, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuandika barua gazetini. Leo naandika kwa sababu ya magunia ya mkaa niliyoyakuta yamepangwa kando ya barabara, na nayajua yametokana na miti ipi.

Septemba mwaka huu tulimzika mzee mmoja wa kitongoji cha jirani. Familia ingali msibani, kwa hiyo jina lake silitaji. Nitamwita Namhala, maana ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mzee mwenye heshima zake. Alikuwa na ngitili, yaani malisho ya akiba yenye miti, ya ekari kumi na mbili nyuma ya mji wake, kwenye mteremko unaoshukia mbugani, na aliitunza tangu mwishoni mwa miaka ya themanini. Siku ya thelathini na mbili baada ya maziko nilikuwa napita kwa baiskeli kwenda mnadani, nikasikia mashoka. Nikashuka. Vijana watatu walikuwa wamekwisha kuangusha miti ya mihale na milama ya upande wa kaskazini, na tanuri la kwanza lilikuwa linafukuta, limefunikwa kwa majani mabichi na udongo. Arobaini ilikuwa bado siku nane.

Niliwasalimu, wakaitika kwa adabu, mmoja akanikaribisha maji. Nikauliza nani kawatuma. Wakasema wameuziwa miti na wenye mali, na wenye mali ni watoto wa marehemu. Kibali cha mkaa hawakuwa nacho, lakini hilo lingewachelewesha tu, lisingewazuia. Katika neno lao la msingi walikuwa wanasema kweli. Ngitili ile haikuandikwa popote. Ilisimama kwa kauli ya mzee, na mzee alikuwa kaburini.

Kwa wasomaji wasio wa huku nieleze kidogo. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, shoka haliingii, majani yanakua na miti inachipua kwa raha zake. Inafunguliwa kiangazi kikishakolea, kuanzia Julai au Agosti, wakati kwingine kote mifugo inalamba vumbi. Hapo wanatangulia ndama, ng'ombe wenye kunyonyesha na maksai watakaolima Novemba. Wala haifunguliwi yote kwa mara moja. Kinafunguliwa kipande, kikiliwa kikaisha ndipo kinafunguliwa kingine. Ziko ngitili za kaya moja kama hii, na ziko za kijiji kizima zenye mamia ya ekari. Wamasai wana alalili yao, na kazi yake ni hiyohiyo.

Mvua za kwetu ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, zinaanguka kati ya Novemba na Mei, na katikati yake, Januari au Februari, zinakatika. Kipindi hicho cha kukatika kikirefuka, pamba na mahindi vinakufa pamoja. Kwa hiyo ngitili haikuzaliwa na mapenzi ya miti. Babu zetu walianza kuzifunga kwenye miaka ya 1920 kwa sababu mashamba yalikuwa yanakula malisho na kiangazi kilikuwa kinakula ng'ombe. Ilikuwa akiba, kama ghala la mtama.

Jinsi akiba hiyo ilivyopotea ni habari ndefu. Mkoloni alifyeka mapori kwa ajili ya kuua mbung'o. Kituo kikuu cha utafiti wake kilikuwa hapa hapa, Old Shinyanga. Ikaja pamba, kila aliyepata jembe la ng'ombe akafungua shamba jipya. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nakumbuka tulipakia mlango wa nyumba na nguzo zake kwenye mkokoteni, mama akatangulia na kuku wamefungwa miguu kichwani mwake. Ngitili ya baba ilibaki nyuma, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijiji kipya. Baba alijaribu mwaka wa kwanza kwenda kuifunga. Alipofika alikuta ng'ombe wa watu asiowajua wamelala ndani. Hakurudi tena. Ndani ya miaka mitatu pale palikuwa peupe, unaweza kumwona mbuzi aliye umbali wa kilomita moja.

Mkoa wetu ukaitwa Jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere alifika mwaka 1984, akaona hali ilivyo, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zikijulikana zimebaki hazikuzidi hekta 600 na ushee, kwa mkoa mzima wa wakati ule, ambao ulichukua hata Maswa, Meatu na Bariadi ambazo leo ziko Simiyu.

Hapo ndipo nilipokutana na Namhala. Nilikuwa kijana wa cheti kipya, nina pikipiki ya kazi na miche ya mikaratusi na mijohoro kwenye viriba. Nilimwachia miche mia mbili, nikamwelekeza mashimo yawe na kina gani, nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu. Niliporudi Agosti hakukuwa na mche hata mmoja. Iliyokosa maji ilikauka, iliyobaki ililiwa na mchwa. Nikaanza kumlaumu. Nilimwambia, na leo naona haya kuyaandika, kwamba wakulima wa Shinyanga ni wavivu.

Hakukasirika. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya. Akaniambia, "Bwana miti mwanangu, njoo." Akachukua jembe, akanipeleka kwenye uwanja uliokuwa mtupu kabisa machoni pangu. Akainama kwenye kitu nilichokidhani ni jiwe. Kilikuwa kisiki cha mhale, hakifiki hata kwenye kifundo cha mguu, kimetafunwa na mbuzi kikawa kama fundo. Akakichimba pembeni taratibu kama mtu anayefukua kiazi, na mzizi ukaanza kuonekana, ukaendelea kuonekana, mnene kama paja la mtoto, unazama chini hata jembe halifiki. Kisha akalikwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani lilikuwa la kijani, lina unyevu. Mwezi wa nane, Shinyanga.

Akasema, "Unaniletea kichanga nikilee, na babu yangu yuko hai hapa chini. Anakosa mtu wa kumfukuzia mbuzi tu."

Nilichojifunza chuoni miaka miwili kiligeuzwa juu chini na ukucha ule. Tulikubaliana tuufunge mteremko mzima badala ya kuchimba mashimo. Kwenye kila kisiki tuliacha chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, mengine tukayatoa. Hakuna mche, hakuna kumwagilia. Mwaka wa tatu mihale ilikuwa imenipita urefu, na chini yake majani yalifika magotini. Mama yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitoka na wenzake alfajiri kufuata kuni na kurudi jua la utosi, alianza kuokota matawi makavu karibu na mji na kurudi kabla uji haujapoa. Uyoga ukarudi. Bibi mmoja wa kwa Namhala alinionyesha mizizi ya dawa ya tumbo ambayo, kwa maneno yake, alidhani ataiona ahera tu.

Na haikuwa kwetu tu. Jambo kubwa lililofanyika katika miaka ile ni kwamba wataalamu walikubali kukaa chini na wazee. Sheria za ngitili zilirudi mikononi mwa dagashida, baraza letu la jadi, na walinzi wakawa sungusungu wale wale waliokuwa wakikamata wezi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa alitozwa mchenya, faini ambayo haikwepeki, kwa sababu asiyelipa hakopeshwi, hasalimiwi, na msiba ukimfika hapati wa kumchimbia kaburi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Equator, inayotolewa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa na washirika wake. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliotoka mwaka 2005, ulikadiria kwamba ngitili inampa mtu mmoja faida ya dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Mradi ulikuwa umeisha mwaka 2004. Tangu hapo ngitili zimelindwa zaidi na wazee, na wazee wanaisha.

Nataka niseme neno kuhusu hayo yanayoitwa siku hizi maarifa ya asili ya wazee na mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa naona yanaelezwa vibaya. Watu wakisikia mzee anajua mvua, wanadhani ni mtabiri, na wengine wanadhani ni mchawi. Namhala alikuwa na dalili zake, ndiyo. Aliangalia migunga inavyotoa majani kabla ya tone la kwanza. Aliwasikiliza mumbi, wale ndege weusi wakubwa wanaolia alfajiri kama ngoma ya mbali. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeniambia, si mara moja, kwamba dalili zimeanza kumdanganya. Migunga inachipua, anga linafunga, halafu linafunguka na kukaa wiki tatu jua kali. Mvua inakuja baadaye kwa pupa, inashuka siku mbili maji ya mwezi mzima, inachimba makorongo, inaondoka. Na mumbi wenyewe hawasikiki. Ndege yule anataga kwenye shimo la mti mkubwa mzee. Tumeikata miti mikubwa, tumemfukuza aliyekuwa akitupa habari.

Wala Namhala hakushindana na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Redio yake ndogo ilikuwa ikining'inia kwenye nguzo ya kibaraza, na utabiri wa msimu ulipotangazwa watoto waliamriwa kunyamaza. Alisema wao wanampa mvua ya mkoa, yeye anatafuta ya mteremko wake, basi anazipokea zote mbili.

Thamani ya mzee huyu ilikuwa kwingine. Alijua kujizuia, na alijua kuwazuia wengine. Alipoona mvua haziaminiki tena, alibadilisha desturi aliyorithi. Zamani ngitili yake ilikuwa na vipande vitatu. Akaigawa vinne, na cha nne akakiwekea mwiko: hakifunguliwi mpaka maksai waanze kutetemeka miguu. Mwishoni mwa mwaka 2021, mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa maelfu Simanjiro, hata kwetu mvua zilichelewa. Novemba ikapita, watu wakamjia wakimsihi afungue. Wanawe pia walimsihi. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa ngitili, mkuki wa kuchungia umelala magotini, akasema bado. Alifungua katikati ya Desemba. Maksai wake sita walilima mwaka ule, na walilima mashamba ya majirani wanne ambao wao maksai wao hawakuwa na nguvu ya kusimama na nira. Kazi hiyo hakuitoza hata senti.

Hiyo ndiyo elimu ninayoililia. Ni kanuni ya kula kidogo wakati kipo, na ni mtu mwenye uso wa kuwaambia watu wazima "bado" wakamsikia.

Sasa niambie, Mhariri, nani anamtafuta mtu wa namna hiyo kwa ajili ya elimu hiyo? Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na mafunzo ya mabadiliko ya tabianchi kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Walioandaa siwataji. Nilialikwa kama mtaalamu mstaafu, na nikaombwa nije na mzee mmoja wa jadi. Nilimleta Namhala. Alivaa koti lake la harusi za watoto, akabeba usinga. Wakamwomba afungue kikao kwa baraka. Akasimama, akaomba kwa Kisukuma, maneno mazito ambayo sidhani watu sita ukumbini waliyaelewa. Akapigwa picha. Kisha kijana mwenye kitambulisho shingoni akamnong'oneza kwa heshima zote kwamba wazee watapata chai nje, kwa kuwa sasa mada ni za kitaalamu.

Nilibaki ndani. Mada ya pili ikaja kwenye ukuta, picha kubwa ya ngitili. Nikaitambua kwa mhale uliopinda kama kiwiko na kichuguu kilichouegemea. Ilikuwa yake. Mtoa mada akasema huu ni mfano wa jamii iliyorejesha uoto. Nikageuka kutazama dirishani. Namhala alikuwa amekaa chini ya mwarobaini, kikombe mkononi, anatazama magari.

Nilitakiwa kusimama pale pale na kusema mwenye ngitili yuko nje, aitwe. Sikusimama. Nilikuwa nafikiria posho na mwaliko wa mara nyingine. Hilo ni langu, silisukumi kwa mtu.

Njiani kurudi, ndani ya basi dogo, aliniuliza, "Wamesema nini juu ya ngitili?" Nikamwambia wameisifu. Akanyamaza mpaka tulipovuka daraja. Akauliza tena, "Wamesema nani ataifunga nikifa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nilikuja kulisikia Oktoba mwaka huu, kwa sauti ya mashoka.

Nisieleweke kwamba nawalaani wanawe. Nawafahamu tangu wanachunga ndama. Wa kwanza ana binti yuko chuo na ada inadaiwa. Mwingine ana bodaboda Mwanza ya mkopo. Msimu uliopita pamba haikutoka, na gharama za msiba zimeacha madeni. Ekari tatu za miti kwa kila mmoja, mnunuzi wa mkaa amesimama mlangoni na fedha mkononi: ni wangapi kati yetu wangesema bado? Baba yao alikuwa na uso wa kusema bado. Hakuna aliyewaachia wao uso huo, wala kijiji hakikuwaachia sheria ya kushika.

Na mimi ndiye niliyepaswa kuliona hilo mapema. Tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tunayo mipango ya matumizi bora ya ardhi, tunazo sheria ndogo za kijiji, tunayo hati ya hakimiliki ya kimila. Ngitili ya kijiji inaweza kupimwa na kuandikwa. Ngitili ya kaya inaweza kupewa hati, na mzee akiwa hai anaweza kuwaita watoto wake mbele ya serikali ya kijiji, wakakubaliana kwa maandishi kwamba ardhi hii itarithiwa lakini haitakatwa vipande, na mwenye kuifunga na kuifungua atakuwa fulani. Nimezunguka vijiji miaka thelathini na minne. Nilihesabu miti, nilipima hekta, nilijaza fomu. Hili la nani atasema "bado" baada ya mzee sikuliuliza hata siku moja.

Nasikia nchi yetu imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za uoto ifikapo mwaka 2030, katika mpango wa Afrika unaoitwa AFR100. Ni ahadi njema, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kila hekta ya ngitili inayogeuka mkaa leo ni hekta tuliyokwisha kuirejesha mara moja, bila mche wala tanki la maji. Na fedha za dunia nazo ziko. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 serikali na mifuko mbalimbali ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya watu wa asili na jamii zinazotunza misitu. Ripoti ya mwaka wa kwanza ya wafadhili wenyewe ilikiri kwamba asilimia 7 tu ya zilizotolewa ndiyo iliyofika moja kwa moja mikononi mwa asasi za watu hao. Sisi Wasukuma tu wengi, na katika mikutano ya namna hiyo hatuhesabiwi miongoni mwa watu wa asili kama Wahadzabe. Hilo halinisumbui. Nataka tu kusema Wahadzabe wa Yaeda Chini wametutangulia kwa jambo moja: mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja, na hewa ya ukaa waliyoiuza baadaye, yaani malipo ya kutunza miti inayoinyonya hewa hiyo, waliiuza wakiwa na karatasi mkononi. Huku kwetu wameanza kupita watu wenye mikataba ya kaboni, ndiyo hiyo hewa ya ukaa. Siwapingi. Nawaomba wenyeviti wa vijiji wasitie saini mkataba wa miongo mingi juu ya ngitili ambayo mipaka yake iko kichwani mwa mzee wa miaka tisini.

Kuna mtu mmoja sijamtaja. Namhala alikuwa na binti, wa tatu kuzaliwa, aliyeachika akarudi nyumbani na watoto wawili. Miaka kumi na miwili iliyopita mzee alipoanza kuishiwa nguvu za miguu, ni binti huyu aliyekuwa akizunguka mpaka wa ngitili pamoja naye, halafu akawa anazunguka peke yake. Anajua kila kisiki. Anajua kipande gani kina majani ya ndama na kipi kina miiba inayochoma viwele. Siku urithi unagawanywa alikuwa jikoni anawapikia wagawaji ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa. Hakuitwa. Sheria niliyoitaja inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini aliyekuwa na jukumu la kuisoma siku ile hakuisoma.

Tunapozungumza juu ya wazee na maarifa yao tunatafuta mrithi mwenye ndevu, na mrithi wa kweli yuko jikoni. Nawaomba maofisa wa maliasili na wa ardhi wa wilaya: mnapokwenda kuorodhesha ngitili, msiulize tu nani mwenye mali. Ulizeni nani anazunguka mpaka.

Alikuja kwangu Jumatano iliyopita, jioni, ameshika jembe. Mdogo wake wa mwisho hajauza ekari zake tatu, na amemruhusu dada yake azifunge. Lakini hilo silo lililomleta. Alitaka twende upande uliokatwa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Jumanne, ardhi ilikuwa bado inanuka. Tulikwenda, tukapita katikati ya majivu na duara jeusi la tanuri. Alipiga magoti kwenye kisiki cha kwanza, akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, vilevile kama baba yake. Tulikwangua visiki tisa. Saba ni vya kijani.

Ng'ombe wakiingia msimu huu, machipukizi yataliwa na mwakani tutakuwa na uwanja mweupe. Wakizuiwa, miaka mitatu kutoka sasa patakuwa na miti inayompita mtu urefu. Kaka zake wawili tayari wamekubali kwa simu pafungwe. Wa tatu bado anafikiria, nami nitakwenda Mwanza wiki ijayo kukaa naye. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kuliweka suala hili kwenye mkutano mkuu wa Desemba, liandikwe kwenye muhtasari na jina la binti liwemo kama mwenye kufunga na kufungua. Naomba ofisi ya ardhi ya wilaya itume mtu siku hiyo, na naomba kila mzee mwenye ngitili atakayesomewa barua hii awaite wanawe na binti zake, awatembeze mpakani angali anaweza kutembea.

Bwana Miti Mstaafu,
Kishapu, Shinyanga.